Nimegusa Mpira, Refa!

Siku chache kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani nilikuwa nimesimama kandoni mwa uwanja wa Mnazi Mmoja, mjini Unguja, nikimtazama mwanangu mwenye umri wa miaka 11 akicheza kandanda na watoto wenzake. Sala ya alasiri ilikuwa imekwisha, jua limelegea, na upepo ulikuwa ukivuma kutoka baharini. Timu zote mbili zilikuwa hazijapata bao. Mwanangu alipokea mpira upande wa kushoto, akampita beki wa kwanza, akaingia ndani ya eneo la hatari. Beki wa pili alinyoosha mguu, kisha akaurudisha. Nilikuwa umbali wa hatua kumi na macho yangu bado ni mazima: mtoto yule hakumgusa. Lakini mwanangu alikwenda hewani kama wale watoto wanaochupa baharini pale Forodhani, mikono mbele, miguu nyuma. Akatua kifudifudi, akashika kifundo cha mguu na kupiga yowe. Refa akapuliza kipenga. Penalti.

Mwanangu aliinuka, akajipangusa mchanga, akaupiga mkwaju mwenyewe, na mpira ukaingia wavuni. Kisha alinikimbilia akicheka. Nami, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, nilicheka naye.

Tulirudi nyumbani kwa miguu kwa njia ya Mkunazini. Nilimnunulia maji ya miwa yenye ndimu na tangawizi, iwe zawadi ya goli lake. Ndipo nilipomwuliza, nusu kwa mzaha, kama yule beki alimgusa.

"Hakunigusa, Baba," alinijibu bila ya haya yoyote.

"Basi mbona ulianguka?"

"Baba, ukisimama refa hapigi kipenga. Juzi nilipigwa mguu kweli, nikajizuia nisianguke, nikaukosa mpira, na refa akasema tuendelee. Kocha akanambia siku nyengine nianguke."

Sikuwa na jibu. Tulipofika nyumbani kisa hicho kilisimuliwa wakati wa chakula cha usiku, na mama yake hakucheka. Alimtazama mtoto, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. "Chuoni unamlipa mwalimu amfundishe kusema kweli," aliniambia, "na uwanjani unamnunulia maji ya miwa akisema uwongo."

Kwa kuwa kazi yangu ni ya kalamu, usiku ule nilikimbilia kwenye maandishi. Nilitaka kupata hoja za kumwonesha mwanangu ubaya wa kujiangusha, nikaanza kusoma jinsi sheria za kandanda zilivyopatikana. Niliyoyakuta yalinishangaza.

Mwaka 1863, Waingereza walipokutana mjini London kuandika sheria za mchezo huu, moja ya hoja zilizowagawa ilikuwa hii: je, mchezaji aruhusiwe kumpiga mwenziwe mateke ya muundi wa mguu na kumtega? Wapo waliosema kuwa bila ya mateke mchezo utakuwa wa watu laini. Waliotaka kuyapiga marufuku walishinda, na klabu ya Blackheath ikajitoa kwa hasira. Baadaye ikawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha raga mwaka 1871. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kandanda ilipotengana na ndugu yake wa mkono, swali lilikuwa la mguu wa mtu: una thamani gani?

Mwaka 1891 ikaja penalti, iliyopendekezwa na golikipa wa Ireland aitwaye William McCrum, kwa sababu walinzi walikuwa wakiwaangusha washambuliaji karibu na goli huku wakijua kuwa adhabu yake ni ndogo. Wapo wachezaji waungwana wa Kiingereza waliochukizwa mno. Kwao, kuweka adhabu kama hiyo ni kumtukana muungwana, kwani ni kumdhania kwamba anaweza kumwangusha mwenziwe kwa makusudi.

Katika Kombe la Dunia la mwaka 1966, Pelé alipigwa na walinzi wa Bulgaria hata akaikosa mechi iliyofuata. Aliporudi kucheza na Ureno alikatwa tena, na kwa kuwa siku hizo hapakuwa na ruhusa ya kubadilisha mchezaji, ilimbidi abaki uwanjani akichechemea, mpaka Brazil ikatolewa. Katika mashindano hayo hayo, mkuu wa waamuzi Ken Aston aliona jinsi maonyo ya refa yanavyopotea katika kelele na lugha ngeni. Akiendesha gari mjini London akasimama kwenye taa za barabarani, na hapo likamjia wazo la rangi ya manjano na nyekundu. Kadi hizo zikaanza kutumika Mexico mwaka 1970.

Wengi wetu tumesikia barazani kisa cha mwaka 1990 mjini Milan, wakati Kameruni ilipoifunga Argentina bao 1-0 ikiwa imebakia na watu tisa uwanjani. Claudio Caniggia alimkwepa Mkameruni wa kwanza, akamkwepa wa pili, na wa tatu, Benjamin Massing, akamvaa kwa mwili mzima hata kiatu chake mwenyewe kikamtoka. Massing alitolewa nje. Wazee wetu husimulia kisa hicho kwa kicheko mpaka kahawa ikamwagika, na mimi nimekicheka mara nyingi. Ama kweli, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu.

Mwaka 1998 ikaamuliwa kwamba mlinzi anayemwingilia mwenziwe kwa nyuma kiasi cha kumhatarisha ahesabiwe amecheza rafu mbaya, na adhabu yake ni kadi nyekundu. Na mwaka mmoja tu baadaye, yaani 1999, yakaongezwa maneno mengine: mchezaji anayejifanya ameumizwa ili amdanganye refa aadhibiwe kwa kukosa uungwana. Tazama, ndugu msomaji, jinsi miaka hiyo miwili ilivyofuatana. Haukupita muda baada ya sheria kumlinda zaidi aliyeangushwa, ikabidi pia imkemee anayejiangusha. Wala hakukemeka upesi. Mwaka 2002, huko Korea ya Kusini, Rivaldo wa Brazil alipigiwa mpira ukamgonga mguuni, naye akaanguka chini ameshika uso. Mturuki Hakan Ünsal akatolewa nje. Rivaldo alitozwa faini, lakini Brazil ilikuwa imeshinda mechi ile, na mwishowe ikatwaa kombe.

Tangu mwaka 2018 Kombe la Dunia lina waamuzi wanaotazama picha za video. Pale Mnazi Mmoja watoto wetu hawana kamera. Kamera yao ni kauli ya mtu.

Niliandika hoja zangu katika karatasi, na niliporidhika nikazisoma upya. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitafuta. Nilikuwa nimetaka kukusanya ushahidi dhidi ya wanaojiangusha, lakini karibu kila mstari wa sheria ile uliandikwa kwa sababu ya wanaowaangusha wenzao. Miguu ya watu ndiyo iliyolipia maneno yale. Mtu anayejiangusha ni mwizi, naam, lakini hamwibii beki peke yake. Anamwibia mwenziwe atakayevunjika kweli kesho, kwa kuwa anaitumia bure imani ambayo huyo atakuja kuihitaji.

Nilipoliandika neno hilo "atakayevunjika" mkono ulisita. Niliona kwamba nilikuwa nikisoma ili nisikumbuke.

Mwaka 2005, nikiwa na umri wa miaka 17, nilikuwa beki wa kulia wa timu moja ya vijana upande wa Ng'ambo. Sikuwa mchezaji hodari, bali nilikuwa mkakamavu, na kocha wetu alitulea kwa msemo ule unaojulikana viwanja vyote: mpira ukipita, mtu asipite. Katika timu ya mtaa wa pili palikuwa na kijana wa rika langu, winga wa kushoto, mwepesi kama paa. Alikuwa na kila kitu ambacho mimi sikuwa nacho, na aibu moja: alipenda kuanguka. Watu walimpa jina la utani ambalo sitalitaja, lenye maana ya mtu anayeugua kila siku. Katika mechi mbili kabla ya kukutana nasi alijitupa chini na kulia, akapewa penalti, na timu yake ikashinda.

Siku tuliyokutana alinipita mara tatu katika kipindi cha kwanza. Watazamaji walikuwa wakinicheka. Alipokuja mara ya nne, akanipita tena kama nilikuwa kigogo cha mnazi, nilimfuata kwa nyuma. Mpira ulikuwa mbele yake kiasi cha hatua mbili. Niliujua umbali huo wakati ule, na ninaujua sasa. Nilimpiga kwanja kwa mguu wote, nikiwa nimevaa viatu vya njumu na yeye akiwa peku. Nilisikia mlio mkavu kama wa ukuni.

Alianguka na kupiga kelele. Na uwanja mzima ukaangua kicheko. "Inuka bwana, sinema imekwisha!" alipiga kelele mtu mmoja, na wengine wakaitikia. Refa alifika mbio, akamtazama yule aliyelala, akanitazama mimi.

"Umegusa mpira?" aliniuliza.

"Nimegusa mpira, refa."

Maneno matatu. Refa alipunga mikono kuashiria mchezo uendelee, na mchezo uliendelea kwa dakika mbili hivi, mpira ukienda upande wa pili na kurudi, na yeye amelala pale pale. Aliyemwona mwanzo ni golikipa wao. Alikwenda kumkemea ainuke, kisha akageuka na kujifunika uso. Walimpakia kwenye gari ya mizigo wakampeleka hospitali. Mimi nilikaa pembeni nikafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Mfupa uliunga, lakini uliunga upande, na hakucheza tena. Mtaani zikaenea habari kwamba amejivunja mwenyewe kwa kujirusha. Refa hakupuliza kipenga. Beki kasema kagusa mpira. Yeye mwenyewe anajulikana tabia yake. Basi nani mwengine wa kulaumiwa? Sikuzianzisha habari hizo, lakini nilizisikia kila mahali, barazani na msikitini, na mara zote nilinyamaza. Sikwenda kumjulia hali. Kisha nikaenda Bara kusomea uandishi wa habari, nikapata stashahada, nikarejea nyumbani, nikaoa, nikapata mtoto. Katika gazeti hili nimeandika makala kadhaa juu ya ukweli na malezi bora. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka 20.

Ramadhani ilipoingia katika kumi la mwisho, kanzu ya Idi ya mwanangu ilikuwa bado haijashonwa. Mafundi tuliowazoea walikuwa wamekwisha kufunga madaftari yao. Mama yake alisikia kuwa yupo fundi mmoja, katika uchochoro nyuma ya maduka ya Mchangani, mwenye mkono mzuri na asiyekataa kazi za dakika za mwisho. Alinipa kitambaa, akanituma na mtoto tukapimwe.

Nilimtambua kabla hajainua uso. Alikuwa amekaa mbele ya cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na ni mguu mmoja tu uliokuwa ukikanyaga. Wa pili ulikuwa umenyooshwa pembeni, umeegeshwa juu ya kigoda. Nilifikiri kugeuka, lakini mwanangu alikuwa amekwisha kutoa salamu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo nikupime." Alimzungushia utepe kifuani, akaandika, akampima urefu wa mkono. "Unacheza mpira weye? Magoti yako yamejaa makovu."

"Nacheza, fundi. Namba kumi na moja."

"Mashaallah. Na mimi nilikuwa namba kumi na moja." Akapima kutoka begani hadi kifundoni, akaandika tena. Kisha, bila ya kuinua kichwa, akasema, "Na babako alikuwa namba mbili."

Mwanangu aligeuka kunitazama. Nilihisi mate yamenikauka, wala haikuwa saumu peke yake.

"Fundi," nilisema, "siku ile sikugusa mpira."

"Najua," alijibu. "Nilikuwepo."

Alikunja kitambaa changu mara mbili, akakiweka juu ya vitambaa vya wenzangu. Hakuonesha hasira, na nadhani ningelipenda aioneshe. Alisema, "Na mimi mechi mbili kabla ya ile nililia bila ya kuguswa. Kwa hiyo watu walipocheka sikuwashangaa. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafunza kucheka. Refa naye sikumshangaa. Nilikushangaa wewe tu. Wao hawakuona. Wewe uliona."

Nilianza kumwomba radhi, maneno yakinitoka ovyo, naye akanyanyua mkono kunizuia.

"Mguu umeshazoea," alisema. "Lipo jambo moja halijazoea. Mama yangu hadi leo anaamini kuwa nilijivunja mwenyewe. Mvua zikinyesha na mfupa ukiniuma, huniambia, 'Mwanangu, ulijitakia.' Nimemweleza miaka yote, hanisikii, maana katika kisa hiki mwongo ni mimi. Kamwambie wewe."

Nilikubali. Nilipolipa nilitaka kumwachia zaidi ya bei yake. Alihesabu chenji yangu yote hadi sarafu ya mwisho na kuiweka kiganjani mwangu.

Siku ya pili ya Idi, wakati watoto wengine wanajiandaa kwenda kwenye viwanja vya sikukuu, nilimchukua mwanangu na kanzu yake mpya tukaenda nyumbani kwa mama huyo, upande wa Ng'ambo. Mke wangu aliniuliza kama ni lazima mtoto awepo. Nilimwambia kwamba mtoto alikuwepo nilipocheka, basi na awepo sasa. Fundi alitupokea mlangoni lakini hakuingia ndani nasi. Alikaa barazani nje, ametupa mgongo.

Nilimwamkia mama, nikampa mkono wa Idi, nikamwambia mimi ni nani. Kisha nikamwambia nilichokifanya: kwamba mwanawe hakujirusha, kwamba mpira ulikuwa mbele yake hatua mbili, kwamba nilimpiga kwa nyuma kwa kuwa nilishindwa naye, na kwamba niliulizwa nikasema uwongo. Alikuwa akipanga vikombe kwenye sinia, na mikono yake ilisimama.

"Ulikuwa na umri gani?" aliniuliza.

"Miaka 17, mama."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nilinyamaza."

Aliyarudia maneno hayo kwa sauti ndogo, kama anayeyapima uzito. Kisha alimwita mwanawe, kwa jina la utotoni ambalo sikuwa nimepata kulisikia, akamwambia, "Njoo ukae huku ndani." Fundi aliingia akichechemea, akakaa karibu yake. Hawakusema neno. Mama akamimina kahawa, akatukatia halua, akampa mwanangu mkono wa Idi kama alivyowapa wajukuu zake. Mimi hakuniambia kwamba amenisamehe, wala sikumwuliza.

Njiani mwanangu alikuwa kimya hadi tulipofika Darajani.

"Baba, kumbe ulikuwa mwongo?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Kuliko mimi?"

"Kuliko wewe."

Sasa narudi kwenye lile swali ambalo sikuwa na jibu lake siku ya maji ya miwa, kwani mtoto hakulizua kutoka hewani. Alisema ukisimama refa hapigi kipenga, na alisema kweli. Lakini kosa hilo ni letu sisi watu wazima, halimo katika sheria. Sheria ya 12 ya mchezo huu haisemi mahali popote kwamba mtu lazima aanguke ndipo ahesabiwe amechezewa rafu. Inasema kumpiga teke mwenzio ni kosa, na kujaribu kumpiga teke ni kosa. Kumtega ni kosa, na kujaribu kumtega pia ni kosa. Refa hutakiwa apime namna mlinzi alivyomwingilia mwenziwe: kwa uzembe, kwa kutojali, au kwa nguvu za kupita kiasi. Hata lile neno langu la zamani, "nimegusa mpira", si ngao, kwa sababu mtu anaweza kuugusa mpira na kuuvunja mguu kwa pigo lile lile. Refa anayesubiri mtoto aanguke ndipo apulize kipenga anamfunza kuanguka, bila ya yeye mwenyewe kujua.

Najua pia kwamba si rahisi. Katika kandanda bao moja ni mali kubwa. Januari 2024, Mlandege waliifunga Simba bao 1-0 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, na mji wetu haukulala. Desemba 2017, vijana wetu wa Zanzibar walitoka sare ya mabao 2-2 na Kenya katika fainali ya Chalenji kule Machakos, wakakosa kombe kwa mikwaju ya penalti. Watoto wetu wameyaona hayo na mengine mengi ya Ulaya. Wanajua kwamba mkwaju mmoja waweza kuwa furaha ya mji mzima. Hatuwezi kuwaambia kwamba uaminifu hauna gharama. Unayo, na mara nyingi anayeilipa ni yule anayebaki wima.

Wiki mbili baada ya Idi watoto walirudi Mnazi Mmoja. Katika kipindi cha pili mwanangu aliingia na mpira eneo la hatari, na beki akamkanyaga kisigino. Nilikiona kiatu kikimtoka. Aliyumba, mkono mmoja ukagusa chini, nami nilijua kwamba hapo hapo ndipo pa kuanguka, tena safari hii kwa haki. Hakuanguka. Aliufukuza mpira kwa mguu mmoja wenye kiatu na mmoja mtupu, golikipa akamtangulia. Refa hakupuliza. Kocha alimpigia kelele, na wenzake wakamnunia. Timu yake ilifungwa 1-0.

Aligeuka kunitazama kutoka mbali, kiatu mkononi. Sikuwa na la kumwambia, kwa hiyo nilimpigia makofi. Nilikuwa peke yangu. Baada ya mechi nilimfuata refa, kijana mwenye adabu, nikamwambia kwa upole nilichokiona na kinachosemwa na sheria. Alinisikiliza, akasema alidhani kwa kuwa mtoto hakuanguka basi hakuumia. Aliniahidi kwamba safari nyengine atatazama miguu, asingojee yowe. Kocha naye nilizungumza naye. Tulibishana, na bado tunabishana.

Enyi wazazi wenzangu mnaosimama kandoni mwa viwanja Jumamosi na Jumapili, watoto wanatutazama sisi kabla ya kumtazama refa. Tunapocheka mtoto alivyojirusha, wameandika. Tunapopiga kelele "mkate!" mtoto wa mwenzetu anapopita na mpira, wameandika pia. Mimi nilijifunza uwanjani uwongo wa aina moja na mwenzangu akajifunza wa aina nyengine, na siku uwongo huo wa aina mbili ulipokutana, mguu wa kweli ulivunjika na hakupatikana mtu wa kuamini.

Kabla ya kuileta makala hii katika chumba cha habari nilikwenda Mchangani nikamsomea fundi kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliniruhusu niichapishe kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Alisahihisha jambo moja tu. Nimeandika hapo juu kwamba mchezo uliendelea kwa dakika mbili hivi hali yeye amelala. Alitikisa kichwa, akaendelea kukanyaga cherehani yake kwa mguu mmoja.

"Si mbili," alisema. "Aliyelala chini ndiye anayehesabu vyema. Andika tano."